Kengele Moja Imepungua

Jumatatu, 8 Machi 1954
Makasha ya baiskeli yamefunguliwa. Minyororo ipo, spoki zipo, matandiko yapo. Kengele moja imepungua, mpaka meli ijayo. Tajiri wangu hataki kusikia hayo. Karani mmoja wa bandarini ameshalipia, anaitaka baiskeli yake. Mnunuzi wa vipuri ni mimi, lawama zangu. Nimekwenda Darajani kwa muuza vyuma chakavu, nikapata kengele kuukuu. Mlio wake una mafua. Itatosha.

Jumatano, 10 Machi
Baiskeli imetoka. Karani ameridhika.
Nimepita Kiponda kumtazama dada yangu Zuwena. Yumo edani. Mumewe, Saidi, alikufa kwa homa mwezi uliopita. Hali chakula, halali. Sina ndugu mwingine. Nachelea akili yake.

Ijumaa, 12 Machi
Zuwena amekula. Hata amecheka. Badala ya kufurahi, nimeingiwa na ubaridi.
"Kaka, nshamsikia Saidi," kaniambia. "Alasiri, hapo pembeni. Kengele ya baiskeli yake."
Anataka kufungua mlango amtazame. Nimemkataza kwa ukali. Mwenye eda hatoki kumfuata mtu njiani, seuze maiti.

Jumamosi, 13 Machi
Nimembana muuza vyuma. Kengele aliuziwa na ndugu wa Saidi. Baiskeli ya marehemu imeuzwa vipande vipande, na eda haijaisha. Mtu hana haya.
Na karani hupita Kiponda kila alasiri akitoka kazini. Nimejilaani. Nimeshukuru pia. Kumbe ni chuma tu.

Jumanne, 16 Machi
Meli imefika, kengele zimo. Nimembadilishia karani, kapata mpya. Ile kuukuu nimeifungua yote. Kifuniko karakanani, springi nimeitupa, kinyundo kimo mfukoni mwangu. Yamekwisha.

Alhamisi, 18 Machi
Zuwena aliisikia jana. Ameisikia leo. Anasema ni ile ile, na sasa inalia kwa muda mrefu, maana mwenyewe hafunguliwi. Nimepapasa mfukoni, kinyundo kimo. Naogopa, na sioni haya kuandika hivyo.

Jumapili, 21 Machi
Karani hana kazi leo, yuko shamba. Nimekaa na Zuwena tangu adhuhuri. Mvua imenyesha, kichochoro kitupu.
Alasiri kengele imelia. Ile ile, yenye mafua. Mimi mwenyewe nimeisikia.
Zuwena kaitika, "Naam." Akajitanda kanga, akaenda mlangoni. Hakuniuliza, nami sikumzuia. Akafungua. Hapana mtu.
Akasogea kando, akiinamisha kichwa, kama anayempisha mumewe aingie.
Nami nikajibana ukutani, apite.