Mstari Haukurudi Ulipokuwa

Kaesong,
20 Agosti, 1953

Kwa Kaka Hak-jun,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Seoul, na kwamba kile kikohozi chako cha baridi kimekuacha. Sisi tu wazima, tunakula, na nyumba bado ina paa. Anayekuletea barua ni Mama Hong, muuza jinseng, ile mizizi ya dawa, ambaye bado anajua pa kuvukia kuja kusini. Amesema hii ni safari yake ya mwisho, kwa hiyo soma polepole.

Ulipoaga Januari ya mwaka juzi Wachina walipokaribia, ukasema unakwenda siku tatu tu, baba alikataa tukufuate. Alisema ule mstari wa kugawa nchi Mmarekani na Mrusi waliuchora wenyewe kwenye ramani, na Kaesong wakaiweka kusini; wakichoka kupigana watarudi kwenye mstari wao, nasi tutajikuta kusini bila kubeba hata sufuria. Mtaa mzima ulifikiri hivyo. Tena jinseng yake shambani ilibakiza miaka mitatu kati ya sita ya kukomaa, na hakuna mtu wa Kaesong anayeng'oa jinseng changa. Wewe unamjua, akishasema amesema.

Kumbe wakubwa wamekubaliana mstari ubaki pale askari waliposimama, nasi tumeangukia kaskazini. Tulisikia kwenye kipaza sauti cha sokoni. Miaka miwili walibishana mlangoni kwetu juu ya kusimamisha vita, Wamarekani na Wachina na wenzetu wa kaskazini, magari yao yakitutimulia vumbi, na hakuna aliyetuuliza tunataka kulala upande gani. Baba alicheka, akasema kusini wangemwita mkomunisti kwa kuwapa Wachina maji, na huku wanamwita bepari kwa vitalu vyake vya jinseng. Tangu siku hiyo haendi shambani. Nina hasira, Kaka, na sijui nimkasirikie nani.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Mwaka jana tulisikia kwamba familia zenye mtu aliyekimbilia kusini zinahamishiwa migodini. Mwenyekiti wa mtaa akaja kuuliza uko wapi. Baba akamjibu kwamba bomu la Mmarekani lilikuua njiani. Basi ikabidi tukufanyie matanga. Wifi alivaa nyeupe ya msiba, akaandaa wali na supu mezani kwa ajili ya roho yako, akakuinamia, na binti yako Yeon-hui akainama naye akidhani ni mchezo. Mzazi hamwinamii mwanawe, kwa hiyo mama alikaa pembeni akalia, kama tulivyomwomba. Mwenyekiti alikula wali wako, akasema umekufa kwa heshima.

Kwa hiyo usije, wala usiandike. Ukionekana uko hai, sisi ndio tutakaokwisha. Wifi anasema ukipata mke mwingine huko, oa. Amesema mwenyewe, kisha akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Kuhusu mama sijui nikuambieje. Tangu siku ile hajaacha kulia. Nikimnong'oneza kwamba uko Seoul, ananishika mkono, ananiambia niache kumfariji, ameshakubali kwamba umekufa. Jana aliniuliza ni nani aliyekuzika, na walichimbaje, maana Januari udongo huwa umeganda.

Baba na wifi wanakusalimu sana. Mama sikumwambia kwamba nakuandikia.

Mdogo wako,
Ok-bun