Mama Mkubwa Hajasema Nirudi

Msangano, 9/3/1997

Mdogo wangu Conjesta,

Habari za Tunduma? Sisi hatujambo, ila kifua kinanisumbua. Mapacha wako wamezoea, lakini Witness ananichanganya. Leah nikianza tu kusema, ameshaelewa. Juzi nilimwambia Witness aangalie ng'ombe. Wakaingia kwenye mahindi ya jirani, yeye ameketi anawatazama. Nilipomuuliza akasema, "Nimewaangalia wote, mama mkubwa." Nikamchapa. Sijui ni kiburi au masikio.

Dada yako, Edina


Tunduma, 23/3/1997

Shikamoo dada,

Pole na kifua. Mimi mzima, vitenge vinatoka kidogo kidogo. Witness masikio yake mazima, na kiburi hana. Nimewaza sana. Kumbe nilikuwa namtuma Leah, na Witness anafuata anachofanya mwenzake. Miaka saba sikuliona hilo. Nimechanganyikiwa kama wewe. Usimchape, dada. Mwambie jambo lote mpaka mwisho.

Mdogo wako, Conjesta


Msangano, 14/4/1997

Mdogo wangu,

Mtoto yuko salama, natanguliza hilo. Jumamosi alimwaga maziwa ya wageni, nikamwambia, "Potelea mbali." Hata kuku huwa nawaambia hivyo. Akatoka. Tulimtafuta mpaka alasiri. Barnaba, yule mwenye baiskeli, alimkuta njia ya Kamsamba, amekaa chini, miguu imevimba. Akamuuliza anakwenda wapi. "Mama mkubwa amesema nipotelee mbali. Hapa ni mbali?"

Njoo umchukue. Najiogopa.

Dada yako


Tunduma, 11/5/1997

Shikamoo dada,

Hatujambo, miguu ya Witness imepona. Kila siku anamuulizia Leah. Nikamwambia likizo tutakuja huko, akakataa: "Mama mkubwa hajasema nirudi." Nikamweleza kwamba zilikuwa hasira tu. Akaniuliza, mtu akikasirika maneno yanabadilika maana? Na yeye atajuaje? Mwandikie mwenyewe.

Mdogo wako


Msangano, 25/5/1997

Mwanangu Witness,

Hujambo? Kifua changu kimepona. Siku ile nilikwambia uende mbali. Sikutaka uende. Nilikosea mimi. Sasa nasema hivi: shule zikifungwa, panda gari na mama yako, rudi Msangano. Ukifika, ingia ndani. Ukimwaga kitu, baki ndani. Nikisema neno usilolielewa, niulize. Sitakuchapa.

Nimemsomea Leah barua hii, anasema inaeleweka. Lakini Leah huelewa hata nisiposema. Wewe niandikie, mwanangu, uniambie umeelewa nini.

Mama yako mkubwa, Edina