Nimesimama Ukurasa wa 212

Mpendwa binti yangu Nekesa,

Nimeanza barua hii mara tatu leo, na mara tatu nimeinuka. Mara ya kwanza nilikwenda kufukuza kuku kwenye mahindi niliyoanika. Mara ya pili chai ilikuwa imepoa, nikaipasha moto, nikaisahau jikoni. Mara ya tatu sikuwa na sababu yoyote. Niliinuka tu, nikatembea hadi langoni, nikaitazama barabara ya Shianda kana kwamba kuna mtu aliyeniahidi kuja, nikarudi. Unanijua. Aliyesimama mbele ya darasa miaka yote ile hajui kukaa kitako.

Ninakuandikia kwenye kile kibao cha kusomea vitabu ulichoniletea, kwa kalamu yake isiyo na wino. Wewe unakiita kwa jina la kampuni, shangazi yako, Senje Robai, anakiita simu kubwa. Mimi nakiita kibao, kwa sababu siku ulipokitoa kwenye sanduku nilikumbuka vile vibao tulivyoandikia kwa chaki nilipokuwa msichana mdogo. Ukubwa ni ule ule. Uzito pia.

Ulikuja nacho kutoka Nakuru mwaka ule macho yangu yalipokataa kazi. Nilikuwa nimeacha kusoma na sikuwa nimemwambia mtu. Kanisani nilikuwa nafungua Biblia kama wenzangu, nasema kwa moyo mistari ambayo wengine walidhani naiona. Wewe peke yako ulinigundua, maana hukunitazama mdomo, ulinitazama vidole. Vidole havikugeuza ukurasa. Hukusema neno mbele ya watu. Safari iliyofuata ukaja na sanduku bapa, ukaketi nami barazani, ukazidisha herufi hadi zikawa kubwa kama zile nilizokuwa nikiwaandikia ubaoni watoto wa darasa la kwanza. Nikasoma sentensi nzima. Kisha nyingine. Nikalia, ukanicheka, halafu ukalia na wewe.

Ulipoondoka nilifanya kile ambacho mwalimu yeyote hufanya akipata kitabu kipya. Nilikivika jalada la karatasi ya kaki, nikakata dirisha mahali pa kioo, nikaandika jina langu, na penye darasa nikaandika: Mstaafu. Nilipogeuza kurasa nililamba kidole, na kibao kikishikwa na kidole kibichi kikaruka kurasa kumi kwa mpigo. Mara ya kwanza kioo kilipopepesa kikawa cheusi kabla ya kuleta ukurasa mpya nilidhani nimekiua. Na lile la jua hukuacha kunitania nalo. Uliniambia hakina mwanga wa kuumiza macho kama simu, kwamba nikisomee nje, kinapenda jua. Basi nikaelewa kwamba jua ndilo chakula chake, kama ile taa ya sola. Nikakianika asubuhi nzima pamoja na mahindi.

"Mama," ulisema kwenye simu, huku nikisikia unavyojizuia, "kwani unaanikanga kitabu?"

"Si wewe ulisema kinapenda jua?"

Ulicheka hadi simu ikakatika. Nimekuwa nikiusikia mcheko huo siku hizi nikiwa nachambua mboga, hata naacha kuchambua.

Uliniandikia maelekezo yote kwenye daftari, hatua kwa hatua, kwa mwandiko niliokufundisha mwenyewe. Namna ya kukiwasha. Namna ya kukichaji. Namna ya kuandika pembeni mwa ukurasa. Ukaniambia tutatumia akaunti moja, ili ukinunua kitabu kimoja tusome wawili, wewe kwenye simu yako na mimi kwenye kibao. Na mwisho kabisa, kwa wino mwekundu, ulichora picha ya kitufe cha kukiondoa kibao kwenye akaunti, ukaandika: Hapa usiguse mama, ukigusa vitabu vyote vitaenda.

Hivyo ndivyo tulivyoanza ile riwaya ya mjane mfuga nyuki ambaye wakwe zake wanamtaka auze shamba. Kila nilipoifungua, kibao kiliniambia kwamba kifaa kingine kimefika ukurasa fulani, je, ningependa kwenda huko? Kifaa kingine ni wewe! Nilikuwa nakataa, kisha nasoma mbio nikushike. Herufi zangu ni kubwa mno, ukurasa wako mmoja kwangu ni kubonyeza mara tatu, lakini nilikushika. Jumapili ulipiga simu: "Usinimalizie, mama! Nimebanwa na kazi." Nami nikawa nakungoja, mwalimu mzima nikitamani kuchungulia mbele kama mtoto mtundu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha nyepesi kuliko ile.

Sasa nifike pale ambapo mkono unakataa.

Siku moja, katikati ya riwaya yetu na vitabu vyangu vya ufugaji wa kuku, lilitokea jalada jipya. Kilikuwa kitabu cha mwanamke anayefikiria kutoka katika ndoa yake. Ulikinunua wewe, kwa ajili yako, na ulikuwa umesahau kwamba rafu yako ndiyo rafu yangu. Ningeweza kukiacha. Nilikifungua. Mistari uliyoipaka rangi kwenye simu yako ilinitokea mimi ikiwa na kivuli cha kijivu, nikaisoma yote, sikuruka hata mmoja. Mmoja ulimhusu mtu anayeketi mezani na mwenzake akajisikia mgeni. Niliusoma huo mara nyingi. Ulinirudishia macho, Nekesa, nami nikayatumia kukuchungulia.

Hata hapo bado nilikuwa na nafasi. Simu ilikuwa kwenye kitenge changu. Ningesema, "Mwanangu, nimeona kitu, samahani, unataka tuongee?" Maneno hayo si mengi. Lakini kwetu mambo ya ndoa ya binti hayapitii kwa mama. Yana njia yake, na njia hiyo ni senje, dada ya baba. Ndivyo nilivyofanyiwa mimi, ndivyo walivyofanyiwa mama zangu. Baba yako angekuwa hai labda angenishika mkono. Nikakifunga kibao ndani ya kitenge, nikaenda kwa Senje Robai huko Bukura.

Tulikiweka mezani katikati ya vikombe. Nilimsomea mistari yako kwa sauti, ile sauti ya darasani. Robai alisikiliza hadi mwisho, akasukuma kikombe chake kando.

"Mama Nekesa," alisema, "mtu haurizangi njia kama haendi safali. Hii mambo tuwahi."

Aliwahi. Siku mbili baadaye yeye na wazee wawili wa ukoo walikuwa Matungu, kwa wakwe zako, kuomba watu waketi kabla nyumba haijavunjika. Hakuna aliyekuuliza wewe. Walidhani nimekuuliza mimi, na mimi niliwaacha wadhani hivyo. Wakwe zako wakampigia mumeo Nakuru, na ukaipata habari ya moyo wako kutoka kwake, mkiwa mezani.

Ulinipigia ukiwa umesimama nje, nilisikia upepo. Hukupaza sauti. Ningependa ungepaza.

"Mama, mimi nilikuwa nasomanga tu. Nilikuwa bado najiuliza. Sasa watu wa Matungu wamenijibia."

Nami, badala ya kunyamaza, nikakwambia nilifuata desturi.

"Desturi gani inasomanga kitabu cha mtu?"

Nikaanza kukueleza jinsi mama zangu walivyofanyiwa. Ukakata simu, na huu ni mwezi wa nne. Ukiona namba yangu hupokei, na ujumbe wangu hujibu. Robai huniuliza kila Jumapili tukitoka kanisani, "Bado hajapiga?" Siku hizi anauliza akitazama viatu vyake. Naye ana lake linalomtafuna, lakini la kwake halifiki langu, maana yeye aliletewa tu. Mleta habari ni mimi.

Kuna jambo hulijui, na nisipolisema barua hii yote ni bure. Sikuacha kuchungulia.

Hukuniondoa kwenye akaunti. Sijui kama ulisahau au uliniachia makusudi, na swali hilo limenitembeza uwanja huu hadi nyasi zimelala. Kila asubuhi, kabla ya kukamua ng'ombe, nafungua kibao. Naona umesoma kurasa ishirini za kitabu cha uuguzi, nasema, asante Mungu, mwanangu yuko hai, yuko kazini. Siku usiposoma chochote siwezi kumaliza kazi yoyote. Naanza kufua naacha, napanda mchicha mahali nilipopanda mchicha jana. Sijui unalala wapi, unakula na nani, lakini najua uko ukurasa gani. Nimekuwa nikiishi kwa hilo.

Wiki iliyopita kikatokea kitabu kipya. Ni cha mapishi. Mapishi ya mtu mmoja.

Nilitoka nacho nje. Nilizunguka mahindi, nikazunguka tena. Mtu mmoja? Yaani kuna aliyeondoka? Nani, mumeo au wewe? Au yeye anakula kazini siku hizi, nawe unajipikia tu? Unakula vizuri? Nilizunguka hadi nikajikuta nimevaa viatu vya safari, kibao kikiwa ndani ya kitenge, nimeshika komeo la lango. Nilikuwa naenda Bukura. Kwa Robai! Tena! Miguu ilikuwa imeondoka kabla yangu. Nilisimama pale langoni nikajiona, na kwa mara ya kwanza tangu ulipokata simu nilielewa kwamba tatizo halikuwa desturi. Senje wako hakuja kuchungulia rafu yako. Desturi ilikuwa ni kitenge tu nilichofungia kitu nilichoiba.

Nilivua viatu, nikarudi barazani, nikalifungua daftari lako kwenye ule ukurasa wa wino mwekundu.

Tangu siku hiyo nimekigusa kile kitufe mara kadhaa. Kibao huniuliza, je, una uhakika? Nami huondoa kidole. Sina uhakika, Nekesa. Nikibonyeza, vitabu vyako vyote vitatoka kwenye kibao changu na sitaona tena umefika wapi. Asubuhi nitaamka nisijue lolote, kama mama yeyote ambaye mtoto wake amekaa kimya. Ninaogopa hizo asubuhi. Ninaziogopa kuliko nilivyoogopa upofu, kwa sababu huo niliuzoea polepole.

Lakini rafu ile ni yako. Mtu anayejiuliza swali gumu anahitaji mahali pa kujiulizia pasipo na macho ya mama yake, hata kama mama anapenda, hasa kama anapenda. Ungekuwa nayo nafasi hiyo, pengine ungejiuliza ukamaliza, na jibu, lolote lile, lingekuwa lako. Nilikunyima hilo na siwezi kulirudisha. Kinachoweza kurudi ni rafu.

Fundi wa simu hapa sokoni ameniambia nilichoandika kitabaki upande wako hata mimi nikitoka. Basi barua hii nimeibandika kwenye riwaya yetu. Wewe unasoma vitabu vingine, lakini hiyo umeiacha ukurasa wa 212 tangu siku ile, nami sijakupita. Mjane bado amesimama mlangoni, wakwe wameketi ndani, karatasi ya kuuza shamba iko mezani na hajasema ndiyo wala hapana. Nimeibandika ukurasa wa 213. Nilipofika hapo kuibandika nilifumba macho nisisome yaliyoandikwa, na uzeeni mwangu hilo ni jambo rahisi.

Ukigeuza ukurasa mara moja tu utaikuta. Mimi sitajua kama umegeuza. Pengine utageuza kesho, pengine baada ya miaka, pengine umeshaichoka riwaya ile na mimi pamoja nayo. Hutadaiwa jibu. Senje hataulizwa, Matungu hakutatumwa mtu, na chochote unachokisoma kuanzia leo ni kati yako na karatasi, ijapokuwa hakuna karatasi.

Naomba unisamehe. Sikusema hivyo ile siku kwenye simu, nasema hapa kwa mkono wangu.

Na ikiwa siku moja utapiga, sitakuuliza habari za nyumba yako. Utanipa unachotaka kunipa. Mimi nitakuwa na swali moja tu, na itabidi unijibu wewe, kwa kuwa nitakuwa sina tena kitabu: yule mjane, aliuza?

Nimeketi sasa. Kuku wameingia kwenye mahindi tena na sijainuka. Nabonyeza.

Ni mimi mama yako,
niliyesimama ukurasa wa 212.