Mgeni Atakayefika kwa Pikipiki

Élisabethville, Kamalondo
Jumapili, 8 Septemba 1957

Yaya Régine, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na wote wa nyumba yako. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa niliyompa dereva wa lori, ilikufikia, au aliinywa yeye njiani? Mimi sijambo, isipokuwa macho yanachoka mapema, na vumbi la kiangazi mwaka huu limeingia hadi ndani ya vitabu vyangu. Nimetoka misa, uani kumetulia. Moshi wa bomba kubwa la kiwanda unaelekea kaskazini, upande wenu, nami nimeutazama muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mwenye barua ya kuandika.

Najua unasubiri habari za safari. Uliniandikia kwamba umekwisha kupaka chokaa chumba cha mbele, na kwamba watoto wa mwanao Floribert wanashinda kivukoni wakibishana kama babu yao wa Élisabethville atavuka Luvua juu ya pikipiki au ataibeba kichwani. Nilicheka peke yangu, kisha nikahesabu miaka. Tangu wale watafuta vibarua waliponichukua Kiambi, kijana asiyeota ndevu, sijaona maji ya Luvua. Kwanza nilinyimwa ruhusa ya kusafiri. Ruhusa ilipopatikana nikakosa uso wa kuja, kwa kuwa mama alikuwa amekwisha kuzikwa. Kisha mke wangu, marehemu Agnès, akaugua. Mtu huzoea kuwa mbali na kwao kama anavyozoea jino bovu: hatafuni upande ule, basi.

Nikueleze vizuri sasa, maana mara ile nilikuandikia kwa haraka. Delphine ni mpangaji wangu, mshonaji, binti wa watu wa Kasai. Alizaa mtoto wa kike na mzungu mmoja wa ofisini, ambaye baadaye alirudi kwao bila kuaga. Mtoto huyo, Annie, alipofikia umri wa shule, watu wa serikali walikuja kumchukua. Walisema watoto wa rangi yake hawapaswi kukulia Kamalondo. Akawekwa kwenye bweni mbali na hapa, kisha akapelekwa ng'ambo, Ubelgiji, kwa familia moja karibu na mji wa Gand. Delphine hakuulizwa neno. Alipewa picha tu. Tangu hapo ana haja moja duniani: amwone mtoto wake kabla mtoto hajamsahau.

Siku moja, akinipima kaptula, aliniuliza kama pikipiki yangu inaweza kupanda meli. Nikamjibu kwamba hata tembo hupanda meli. Akaacha kupima. Jioni ile nilitandaza ramani yangu mezani, tukaibana pembe zake kwa pasi na sufuria, nikamwonyesha njia kwa kidole: Jadotville, Mitwaba, Manono, Kiambi kwa yaya yangu, kisha Albertville. Hapo merikebu ya ziwa hadi Kigoma, treni hadi Dar es Salaam, na meli hadi Anvers, bandari ya Ubelgiji. Kutoka Anvers hadi Gand, magurudumu yetu wenyewe. Nilimwuliza kwa nini asipande treni kama watu wengine. Akasema hataki kuwafikia watu wale akiwa ameshushwa kama mzigo. Anataka kufika akiendesha, ili wakimwambia mtoto hayupo leo, rudi kesho, awe na namna ya kurudi kesho.

Padri wa parokia alihangaika hadi tukapata ruhusa, ya Delphine na yangu. Lakini kwa macho haya nisingeweza kuendesha njia yote ile. Ilibidi Delphine ajifunze, na alikuwa hajawahi kupanda hata kinga, baiskeli kama mnavyosema huko.

Tulianza mvua zilipokatika, kwenye uwanja nyuma ya soko. Yaya, ungecheka hadi goti lipone. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefundishwa na cherehani. Kila pikipiki ilipokolea mwendo, mguu ulianza wenyewe kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, na chini ya mguu ule ndipo ilipo breki. Tulikwenda tukirukaruka kama chura. Wanawake wa soko waliacha mboga zao. Mmoja alipiga kelele, "Mama Delphine, uko unashona barabara? Fanya na pindo!" Mukuka, fundi wa pikipiki hapa jirani, Mbemba kwa kabila, mwenye mdomo, alinishauri niufunge mguu ule kamba. Mimi nilimwambia Delphine aimbe wimbo wa kanisa wenye mwendo wa polepole, mguu ufuate sauti. Alichagua wimbo wa mazishi. Tulipita mbele ya baa tukiwa hivyo, yeye akiimba kwa sauti nene, mimi nyuma nimejishikilia, na Mukuka akavua kofia akauliza, "Nani amekufa?" Tangu siku hiyo wanamwita Mama Tukutuku.

Jioni tulipanga mizigo ambayo bado hatukuwa nayo. Delphine alitaka kumpelekea Annie viwavi vikavu, mimi nikasema forodhani watavitupa. Tukabishana kama mtoto bado anajua kula ugali kwa mkono. Nilimfundisha kusema kwa Kifaransa kwamba yeye ndiye mama yake. Alisema na kurudia akiwa anaosha vyombo, mara kwa upole, mara kwa ukali, kama anayetafuta sauti itakayofungua mlango. Nyumba yangu haikuwa imesikia sauti ya mwanamke tangu Agnès. Nilianza kutoka kazini mapema.

Barua za Annie huja kwa Kifaransa, na mimi ndiye humsomea Delphine. Ile ya Pasaka ilianza kwa "Mama mpendwa." Iliyofika baada ya sikukuu ya Asunta, mwezi wa Agosti, ilianza kwa "Bibi mpendwa," kama anayemwandikia mke wa mtu asiyemjua, nayo ilishukuru kwa heshima kwa gauni alilotumiwa. Delphine aliniomba nisome mwanzo tena. Nikasoma. Hakulia. Alikwenda kuipangusa pikipiki, ambayo haikuwa na vumbi.

Yaya, hapa ndipo penye sababu ya barua hii.

Mukuka ana desturi yake, na Kamalondo yote inaijua. Anayejifunza huendesha, mwalimu hukaa nyuma akishikilia kiti. Siku mwalimu anapoachia na kuweka mikono juu ya magoti yake mwenyewe, mafunzo yamekwisha. Hakuna cheti wala pombe. Anayeendesha huhisi kiti kimekuwa chepesi, na watu njiani wakiona mikono ile wanapiga vigelegele.

Delphine alistahili mikono ile tangu mwezi wa Juni. Mimi niliendelea kushikilia kiti. Nilimwambia kona zake ni pana. Nilimwambia hajajua mchanga. Alipoujua mchanga, nikamwambia hajajua mteremko. Meli ya Julai iliondoka, na ya Agosti pia. Mchana nilitafuta kosa, jioni tulipanga safari, na nilikuwa na furaha, yaya, furaha ambayo sina haki ya kuiandika. Nilijua kwamba akifika Gand hatarudi. Arudi kwa nani? Ningependa kukuambia kwamba nilimpenda kama binti. Haikuwa hivyo.

Jumapili iliyopita, kwenye barabara ya Kasenga, niliweka mikono magotini. Ile "Bibi mpendwa" haikuwa imeniacha nilale. Delphine alihisi mara moja. Alisimamisha pikipiki, akazima injini, akaniuliza bila kugeuka ni tangu lini amekuwa tayari. Nikamwambia ukweli, na sababu yake pia. Alishuka, akakaa juu ya jiwe pembeni mwa njia. Kisha akaniambia, "Baba Constantin, weye mwenyewe balikukamata kwenu ukiwa mutoto. Unajua vile iko. Sasa mbona unanifanyia hivi?"

Nimesoma vitabu vingi, yaya. Nilikaa tena nyuma, mikono magotini.

Aliendesha hadi nyumbani, kona zake safi kabisa. Mlangoni akasema atakwenda peke yake. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba nikienda naye, kila kilima nitamtafutia kosa jipya, na Annie hana muda wa vilima vyangu. Nikampa pikipiki iwe yake. Ruhusa yangu nimeirudisha kwa padri. Wiki hii Mukuka anafunga chuma cha mizigo, na Alhamisi Delphine anaondoka, kabla mvua hazijaharibu njia ya Mitwaba.

Kwa hiyo siji. Najua ulipaka chokaa kwa ajili yangu. Usiniambie nipande treni nije baadaye, na mimi sitakuahidi. Nimekwisha kukuahidi mara nyingi mno.

Lakini chumba kile kisikae kitupu. Mlaze Delphine humo. Mpikie samaki wa Luvua. Asubuhi mpake mpemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso kama mama alivyowapaka waliokwenda mbali, na umtemee maji ya baraka ya mtu wa ukoo, kwa sababu hapa hana ukoo. Akiuliza habari zangu za utoto, mwambie. Asipouliza, usimtajie. Ukisikia mngurumo upande wa kivuko, usitoke mbio ukiita jina langu. Toka uite la kwake.

Nisalimie Floribert na mkewe, na uwaombe watoto wanisamehe. Wasalimie majirani ambao bado wananikumbuka. Kaburi la mama lifagie kwa niaba yangu. Mungu akulinde, na goti lako lipate nguvu ya kukufikisha kivukoni.

Ni mimi mdogo wako,
Constantin