Chai ya Bibi Batula

Fosia, acha unachofanya. Bibi Batula ametuambia leo, mbele ya wajukuu wote, kwa nini hatii sukari kwenye chai. Nimeduwaa.

Ni mwaka wa hamsini na saba. Babu Bonaya alimpeleka mandari Ziwa Shakababo, pamoja na watoto na mbwa wawili. Babu akaapa kwamba hajawahi kukanyaga pale. Kila mwezi yeye alikuwa safarini Bangale kwenye biashara ya ng'ombe, akisindikizwa na mmoja wa mbwa hao, yule mweusi.

Basi wamekaa ukingoni, watoto wanahesabu viboko majini, bibi anamimina maziwa. Mara mwanamke akatoka kwenye kibanda cha jirani, akapunga mkono. "Sukariii!"

Mbwa mweusi huyo, mbio! Akamrukia yule mama, akamlamba mikono. Mbwa anayeng'ata hata mashemeji, Fosia! Yule mbwa wa pili hata hakuinuka.

Bibi akauliza, "Yule anamjulia wapi mbwa wetu?"

Babu, macho majini: "Mbwa ni mbwa, Batula. Amefuata maziwa."

Maziwa gani? Maziwa alikuwa nayo bibi! Yule mama alikuwa mikono mitupu!

Bibi akajisemea moyoni, kumbe mbwa wetu ana jina la pili. Njiani wakirudi akaona amjaribu. Akaita kwa sauti laini, kama ile ya yule mama: "Sukari..."

Mbwa hakutikisa hata sikio.

Babu ndiye aliyeitika. "Naam?"