Ushindi wa Pili kwa Kumwiga Mama Yangu Mwenyewe

Mtua, Nachingwea

Somoe mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siiulizi, na yangu usiiulize, maana nina hasira tangu nishuke kwenye basi la Dar es Salaam juzi. Hata kuku wamenijua, wanapita mbali.

Nilikwenda kwenye lile tamasha la katuni. Mimi, mama yako, wa darasa la nne. Lile alilokuwa anakusimulia Mwalimu Kamugisha akija barazani kupekua daftari zako, kwamba wachoraji na wanaopenda hadithi za picha wanakutana kila mwaka, ukumbi unajaa mpaka watu wanasimama nje. Ukacheka, ukamuuliza watu wazima wote hao wakienda kutazama katuni, nani analima. Wapo, mwanangu. Nimewaona kwa macho yangu, na hakuna anayelima.

Safari yenyewe sasa nyepesi. Rufiji kuna daraja, hatulali tena kungoja pantoni. Mdogo wako Halima alizaa mtoto wa kike, tukampa jina lako, sasa ameanza shule, naye kama wewe hatulii, anakwaruza ukuta kwa mkaa. Na Mwalimu alihamishwa, yuko kwao Bukoba. Ndiye aliyeniandikia. Zile daftari tatu ulizompa kwa mikono yako miwili aliziacha kwa rafiki yake Dar, rafiki akampa mwingine, sasa zimechapwa gazetini. Akasema, Mama Somoe, nenda tamashani, Bibi Ndonya amekuwa mtu mkubwa.

Bibi Ndonya. Mama yangu mzazi, na ndonya yake, kile kisahani cha mpingo kilichochomekwa mdomo wa juu, uliyemchora akimpokonya mnunuzi wa korosho mizani ya uongo, na akishuka mashimoni Namungo kumtoa mchimbaji mlevi kwa kumvuta sikio. Nilipoisoma barua ya Mwalimu nilikwenda nayo sokoni, kisimani, hata kwa yule jirani tusiyesemezana naye. Sikumsemesha. Nilisoma kwa sauti nikipita uani kwake.

Nikavaa kitenge kipya, nikaenda.

Ukumbi ule, Somoe, ni kama maghala mawili ya korosho yaliyounganishwa. Meza zimejaa vitabu vya picha, vijana wamepanga foleni wachoraji wawaandikie majina yao kwenye kurasa. Wengine wamevaa kama watu wa kwenye hadithi, mmoja ana mabawa ya boksi, mwingine amejipaka rangi ya kijani mwili mzima, nikafikiri anaumwa. Nilifurahi, sikufichi. Ukutani palikuwa na picha ya mama yangu, kubwa kuliko mlango wetu. Nilimshika mkono kijana mmoja nisiyemjua nikamwambia yule ni mama yangu na aliyemchora ni mwanangu. Akasema, "Safi sana, Mama," akaondoka. Hakuamini.

Ndipo mshereheshaji akatangaza mashindano ya kuvaa.

Akapanda jukwaani msichana mmoja, na kitenge kifuani, na kisoda cha chupa amekibandika kwenye mdomo wa juu kwa gundi. Ndiyo ndonya hiyo. Akaachia taya, akatembea amepinda kama mtu aliyekunywa uraka tangu alfajiri, akasema maneno kwa pua, eti ndivyo tunavyosema watu wa Kusini. Ukumbi mzima ukacheka. Watu walishikana mabega kwa kucheka.

Mwanangu, kwenye daftari zako hakuna hata ukurasa mmoja ambao Bibi anachekwa. Bibi ndiye anayecheka. Ulikuwa unamchora amefunga macho na bega limepanda, na mimi nikipita na ndoo nacheka kabla sijajua ananicheka nani.

Usidhani sijui utani. Siku ya matanga yako Bi Asumini alikuja kutoka Ruangwa, Myao yule, mtani wetu. Akavaa gauni lako la maua, likampasukia ubavuni. Akakaa kwenye kigoda chako, akanikodolea macho, akasema, "Mnanililia nini? Nichongeeni penseli, kazi haijaisha." Nililia nikacheka mpaka nikakosa pumzi, wakanimwagia maji. Angeweza kufanya zaidi na nisingesema neno. Mtani ana haki. Anakuosha, anakubeba kaburini, anakupakaza majivu, na kesho wakifiwa wao unakwenda kumlipa. Ndiyo sheria yake. Sasa hawa wa kisoda, nikifa watanizika?

Nikapanda jukwaani. Kijana wa mlangoni alinishika mtandio, nikamwachia aendelee kuushika.

Nikamuuliza yule msichana, kipaza sauti kikiwa karibu kwa hiyo wote walisikia, "Wewe ni mtani wangu?"

Akasema, "Hapana, Mama. Mimi nimezaliwa hapa hapa mjini."

"Basi vua hicho kisoda."

Akavua. Mdomo umekuwa mwekundu kwa gundi, nikamwonea huruma kidogo tu. Nikawaambia watu wale mama yangu hakutembea hivyo. Aliyebeba mtungi kutoka bondeni miaka yote ile hawezi kupinda, shingo yake ilikuwa mlingoti. Nikatembea alivyotembea. Nikafunga macho, nikapandisha bega, nikacheka kama alivyocheka. Nilikuwa namcheka yule mshereheshaji na viatu vyake vyenye ncha. Ukumbi ukanyamaza. Nikasema moyoni, sasa wameelewa.

Wakapiga makofi. Wakasimama wakapiga makofi, mwanangu, na mshereheshaji akasema huo ndio ubunifu. Walidhani ni mchezo. Walidhani mimi na yule msichana tumepanga. Walipotaja washindi, wa kwanza kisoda. Wa pili, "mama yetu kutoka Kusini."

Wa pili. Mimi niliyenyonya maziwa yake, wa pili, kwa kumwiga mama yangu mwenyewe.

Zawadi ni fulana yenye picha yake kifuani. Siwezi kuivaa kwa hasira, na siwezi kuifanya dekio, maana ni uso wa mama yangu. Nimeikunja, ipo sandukuni.

Yule msichana alinifuata nyuma ya jukwaa. Amenyenyekea, akanishika miguu, akasema hakujua kama Bibi Ndonya alikuwa mtu kweli. Halafu akaniuliza nani alimchora. Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti wa tamasha, mzee mmoja mwenye miwani, akadakia kwamba mchoraji hajulikani. Nikageuza fulana. Chini ya picha wameandika hivyo hivyo, msanii asiyejulikana wa Kusini.

Hapo nilimpa maneno ambayo sitayaandika, wewe bado ni mwanangu hata huko uliko. Nikamwambia asiyejulikana ni yeye, mwanangu anajulikana Mtua nzima, anajulikana mpaka Nambilanje, nenda kaulize. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaenda akaleta zile daftari tatu, akaziweka mbele yangu, akasema kwa adabu tu, "Tulitafuta sana jina, Mama. Halipo popote."

Nikafungua. Ya kwanza halipo. Ya pili. Ya tatu.

Na mimi nikajua kwa nini, na hasira yote niliyokuwa nayo juu ya wale watu ikanigeukia mimi.

Nilikukataza mimi. Ulipotoka unyagoni umepewa jina lako la ukubwa, Somoe, ukataka kuliandika juu ya daftari, ukalizungushia na maua. Nikakunyang'anya penseli. Nikakwambia mwali aliyetoka ndani haachi jina lake ovyo kwenye karatasi, likatamkwe na wanaume asiowajua. Somo yako, yule aliyekufunda unyagoni, alikuwepo, akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo tulivyofundishwa na sisi. Ukafuta. Ukafuta kwa mate na kidole mpaka karatasi ikatoboka. Tangu siku hiyo hukuandika tena, na ulipokuwa mkubwa nikakuuliza mbona husaini kama Mwalimu anavyotaka, ukaniambia, "Bibi ni wa wote, Mama." Ulikuwa unanistahi. Hukutaka kunikumbusha. Hilo nalo linaniuma, Somoe. Ungenijibu vibaya hata mara moja. Mimi najisifu kwa ajili yako kila palipo na masikio mawili, na mahali pamoja pa kujisifia palipodumu, nikapafuta mwenyewe.

Mwenyekiti akaomba daftari zilizobaki. Nilimwambia zipo, na kwamba bora kuliko hizo ni nne, ziko nyumbani. Hazipati mpaka jina limeandikwa, kwa herufi nene, juu ya picha na si miguuni. Akasema nitume tu jina, wataandika wao. Nikamwambia hapana. Nilichofuta mimi naandika mimi.

Basi ndiyo kazi niliyo nayo. Nimezitoa daftari zako, nimenunua kalamu nyeusi, naandika jina lako kila ukurasa. Somoe binti Hamisi, wa Mtua. Mwandiko wangu unaujua, herufi zinaangukia upande kama mihogo iliyopigwa na upepo. Kurasa mbili za kwanza niliharibu, wino umemwagikia kitenge cha Bibi. Nisamehe. Wa tatu umetoka vizuri. Huyu mtoto wa Halima amekaa miguuni pangu, na amekwishaniuliza kama anaweza kuandika lake pembeni. Nimempa kalamu.

Pumzika, mwanangu, mimi bado nina kelele zangu. Mwakani nakwenda tena tamashani, na daftari hizi mkononi, na nitasimama mlangoni nikilitaja jina lako kwa kila mwanaume nisiyemjua, mpaka walitamke.

Mimi mama yako.