Majina Yaliniishia Nikiwa Nimevaa Miwani ya Kipimo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke. Mimi ni fundi wa mapazia, mjane, nashona mwenyewe na kutundika mwenyewe kwenye nyumba za watu, na tangu mvua zianze nikiinua tu uso chumba chote kinazunguka, juzi nikaanguka na stuli mbele ya mteja nikasingizia kiatu, ndipo daktari akaniambia nikapimwe macho, nikamjibu macho yangu mazima, uzi natunga bila miwani, akasema mama, macho yanavyochezacheza ndiyo yatatuambia sikio la ndani lina nini.

Basi nikavalishwa miwani mikubwa myeusi yenye kamera ndani, nikafuata taa ndogo kwa macho, nikalazwa, nikageuzwa huku na huku, yote nikaweza, kisha mpimaji, binti mpole tu, akanimiminia maji ya uvuguvugu sikioni, dunia ikaanza kuzunguka, akasema, "Mama, usinyamaze. Akili ikilala macho nayo yanatulia, sitaona kitu. Nitajie watu wako, wale unaokula nao, unaopiga nao stori." Mshauri, nilimtaja marehemu mume wangu, nikamtaja dada yangu ambaye naye tulishamzika, nikamtaja mwanangu aliye mbali ambaye kila akipiga simu namwambia niko salama, halafu nikakwama. "Mama, endelea, hata wateja!" Nikamtaja mmoja kwa rangi ya pazia lake, maana jina silijui. Hapo nikaangua kilio, miwani ikajaa machozi, kamera ikawa haioni.

Binti akanifuta uso, akasema nirudi wiki ijayo kurudia kipimo, nije na mtu wa kunishika mkono, kwa sababu sitakiwi kutoka pale peke yangu nikipepesuka. Sina mtu. Mama Pasi, jirani yangu wa chumba cha pili, huniuliza kila mchana kama nimekula, lakini yule ni wa salamu tu, siwezi kumtwisha mzigo wangu. Nisirudi? Nizoee tu?
Fundi Mapazia

JIBU

Fundi, pole. Pole sana, na sasa kaza moyo nikugombeze. Mtu anayekuuliza kila mchana kama umekula unamwita wa salamu? Nawe unamjibu nini? Bila shaka "nimeshakula", huku tumbo linanguruma. Mume na dada wamekwenda, hilo si kosa lako. Mwanao umemficha mpaka hajui mama yake anaanguka, hilo ni lako.

Usipande stuli tena mpaka upate majibu. Mteja akinuna, atundike mwenyewe. Leo hii mpigie mwanao, na usianze na "usijali". Kisha mgongee Mama Pasi, mwambie siku na saa, mwambie kazi yake ni kukaa kwenye benchi na kukushika mkono mkitoka, basi. Kama kuna dawa unameza, muulize mpimaji kama uziache kabla ya kipimo, usijiamulie. Na urudi. Kizunguzungu hicho hakizoeleki, siku moja kitakuvunja nyonga, na utalala sakafuni ukisubiri nani?

Mama Pasi akishindwa, niandikie tarehe na hospitali. Sisemi hivi kujaza ukurasa. Nitakuja mimi. Sura yangu huijui, lakini hutanikosa: mlango wa chumba cha kipimo ukifunguliwa utoke, atakayesimama kutoka kwenye benchi ni mimi.